Kinanda kinapotaka kuwa kanuni

Katika kumbi za harusi kuanzia Unguja na Tanga hadi Mombasa, kinanda kimoja cha umeme siku hizi hubeba kazi iliyokuwa ya watu sita au saba. Wimbo ukianza ni kanuni (ile ala ya nyuzi nyingi za kudonolewa), ubeti ukiisha ni fidla, kiitikio kikiingia ni kodiani, na nai, ile filimbi ya Kiarabu, ikihitajika hupatikana kwa kubonyeza swichi. Wasikilizaji wamezoea, na wenye kutunza wanatunza vilevile. Hata hivyo, mtu aliyewahi kukaa karibu na kanuni yenyewe hahitaji sekunde nzima kujua kwamba hii anayoisikia si kanuni. Anajua kabla hajaweza kueleza amejuaje.

Wapiga vinanda wengi niliozungumza nao kuhusu jambo hili huilaumu mashine. Watakwambia ni ya zamani, ni ya bei ndogo, sauti zilizomo ni mbovu, kingenunuliwa kinanda kipya mambo yangebadilika. Sikubaliani nao. Nimesikia vinanda vya mamilioni ya shilingi vikitoa fidla isiyo na uhai hata chembe, na nimesikia kinanda chakavu kikitoa kanuni iliyowafanya wazee wageuze shingo kutafuta mpigaji amekaa wapi. Sauti ya ala huaminika kwa jinsi inavyoanza, inavyobadilika inapoendelea kulia, na inavyokufa. Mambo hayo matatu yamo mikononi mwa mpigaji, ilimradi awe ameijua ala anayoiiga.

Tuanze na mwanzo wa sauti, maana hapo ndipo wengi huanguka. Mwaka 1948, mjini Paris, Pierre Schaeffer, mhandisi wa redio ya Ufaransa, alirekodi kengele kwa kuacha kile kishindo cha kupigwa na kubakiza mlio unaofuata tu. Kilichosikika hakikuwa kengele tena, kilielekea kuwa ala ya kupulizwa. Mwaka 1964 watafiti wawili, Saldanha na Corso, waliwasikilizisha wanamuziki sauti za ala mbalimbali, nyingine kamili na nyingine zilizokatwa mwanzo. Mwanzo ulipoondolewa, hata masikio yaliyofunzwa yalianza kuchanganya ala. Sikio hukusanya ushahidi wake mwingi pale noti inapochipuka.

Kwa kanuni, mchipuko huo una mambo matatu yanayotokea karibu kwa pamoja. Kuna risha, kile kipande chembamba kinachobanwa kwa pete kwenye kidole cha shahada cha kila mkono, inayokwaruza uzi kabla ya kuuachia. Kuna uzi wenyewe unaoruka na kutoa mlio mkali, umejaa hamoniki, yaani zile sauti nyembamba za juu zinazoambatana na noti kuu na kuipa rangi yake. Tena kuna daraja linalobeba nyuzi zote, ambalo miguu yake haikukaa juu ya ubao bali juu ya ngozi iliyowambwa. Uzi ukidonolewa, ngozi nayo hupokea pigo na kutoa kishindo kifupi kikavu. Yote haya huisha haraka sana. Kinachobaki ni mlio laini unaofifia, ambao ukiusikia peke yake waweza kuudhania gitaa la nyuzi za nailoni, kinubi, au hata piano.

Watafiti na watengenezaji wa sintesaiza, yaani mashine za kuunda sauti kwa umeme, walilitambua jambo hili mapema kuliko wengi wetu tunavyodhani. Katika miaka ya 1960 Jean-Claude Risset, Mfaransa aliyekuwa akifanya kazi katika maabara za Bell nchini Marekani, aliichambua sauti ya tarumbeta kwa kompyuta. Aligundua kwamba hamoniki za juu haziingii pamoja na za chini. Huchelewa, kisha huongezeka kadiri mpulizaji anavyozidisha nguvu. Kwa maneno mengine, tarumbeta ikiwa na nguvu zaidi huwa pia na mng'aro zaidi, na ukiiga nguvu bila kuiga mng'aro unapata tarumbeta ya uongo.

Wakati huohuo, mwaka 1967, John Chowning wa Chuo Kikuu cha Stanford alikuwa akijaribu mtikisiko wa sauti kwenye kompyuta, ule ambao mwimbaji huutoa kooni na mpiga fidla huutoa kwa kidole. Akauongeza kasi, akazidi kuuongeza. Ulipofika kasi ambayo sikio haliwezi tena kuhesabu mawimbi yake, mtikisiko haukusikika kama mtikisiko; uligeuka rangi mpya ya sauti. Miaka michache baadaye, mwaka 1971, alikumbuka uchambuzi wa Risset, akafunganisha nguvu ya sauti na mng'aro wake, na kompyuta ikatoa mlio wa ala za shaba ulioaminika. Yamaha ilinunua leseni ya ugunduzi huo kutoka Stanford, na mwaka 1983 ikatoa DX7, kinanda kilichoenea duniani kote na kusikika katika nyimbo zisizo na idadi za miaka ile.

Kampuni ya Roland nayo ikaja na njia yake mwaka 1987 kwa kinanda cha D-50. Kumbukumbu za kielektroniki zilikuwa ghali mno wakati ule. Kurekodi noti nzima ya kila ala lilikuwa jambo lisilowezekana kwa kinanda cha kununuliwa na mtu wa kawaida. Wahandisi wakaamua kuhifadhi rekodi fupi sana za mianzo tu, yaani pigo la kinubi, pumzi ya filimbi, mkwaruzo wa upinde, kisha mwili wa sauti uliofuata wakautengeneza kwa mawimbi ya kawaida ya sintesaiza. Na sikio lilikubali. Lilipewa mwanzo wa kweli, likajazia lenyewe yaliyobaki. Kwangu mimi hilo ndilo somo kubwa kuliko yote katika historia ya vinanda hivi, na ndilo tulilolisahau kumbukumbu ziliposhuka bei na kila kinanda kikaja na mamia ya sauti zilizorekodiwa kamili. Sauti zikawa tayari, na mikono ikaacha kutafuta.

Taarabu iliingia katika historia hiyo kwa mlango wake. Ikhwani Safaa, kikundi kilichoundwa Unguja mwaka 1905, na baadaye Culture Musical Club cha mwaka 1958, vilijenga sauti ya okestra iliyoelekeza sikio Kairo: fidla kadhaa, kanuni, udi, nai, kodiani, besi kubwa ya kusimama, dumbaki na rika. Kairo yenyewe haikuogopa umeme. Mpiga kinanda Magdi El Husseini alikuwa sehemu ya sauti ya mwimbaji Abdel Halim Hafez. Miaka ya 1990 taarabu ya kisasa iliposhika kasi kupitia vikundi kama East African Melody, kinanda hakikuja tena kuongezea okestra. Kilikuja kukaa mahali pake. Sababu zinaeleweka. Kusafirisha watu ishirini na ala zao kutoka mji hadi mji ni gharama, nyuzi za kanuni hazipatikani dukani, na mtu wa kuifunga sauti kanuni kabla ya shughuli naye ni wa kutafutwa. Simlaumu aliyechagua kinanda. Ninachodai ni kwamba aliyekichagua aipe kanuni haki yake humo ndani.

Haki hiyo inaanzia katika kuitazama. Kanuni ya kawaida ina nyuzi sabini na kitu, zimepangwa tatutatu kwa kila noti, na upana wake ni oktava tatu na nusu hivi. Hizo nyuzi tatu hufungwa sauti moja, lakini mkono wa binadamu haufungi sauti tatu zikalingana kabisa. Tofauti ndogo hubaki, na hiyo ndiyo huipa kanuni ule mlio unaometameta. Kwa hiyo ukichukua sauti ya kanuni iliyomo kwenye kinanda, au kama haimo basi gitaa la nailoni lenye mwanzo mkavu, iwekee nakala ya pili juu yake, uipandishe senti tatu au nne. Senti hapa ni sehemu moja ya mia ya nusu-toni. Ukizidisha hapo unapata kanuni iliyoharibika sauti. Ukipunguza sana, mng'aro hausikiki.

Kisha nenda kwenye umbo la sauti, lile ambalo vinanda vingi hulionyesha kwa herufi nne A, D, S na R, mpangilio ambao mtunzi Vladimir Ussachevsky alimwagizia Robert Moog mwaka 1965. Herufi ya kwanza ni muda wa sauti kupanda: kwa kanuni iweke sifuri, maana uzi uliodonolewa haupandi polepole. Ya pili ni kushuka, nayo isiwe ndefu mno, kwa sababu ile ngozi chini ya daraja hunyonya nguvu ya uzi haraka kuliko ubao wa piano unavyofanya. Ya tatu ni kiwango cha kushikilia, na hapa ndipo nimeona makosa mengi: iweke sifuri nayo. Kanuni haishikilii sauti. Ukiweka kidole juu ya ufunguo na sauti ikabaki palepale kama ya ogani, umeshajisaliti. Ya nne ni kuachia. Uzi wa kanuni hauna kitu cha kuuzima mkono unapoondoka. Unaendelea kulia mpaka uchoke au mpaka mpigaji auguse kwa kiganja. Iongeze basi, noti ziachwe zipandiane kidogo, ile ya sasa juu ya mabaki ya iliyopita.

Baada ya umbo, chujio. Hamoniki za juu hufa kwanza, za chini hubaki, kwa hiyo chujio lianze wazi na kufunga taratibu kadiri noti inavyofifia. Na nguvu ya kidole ifungue chujio, si kupandisha sauti tu. Kinanda husoma mguso kwa viwango 127. Kwenye vinanda vingi viwango hivyo vimeunganishwa na ukubwa wa sauti peke yake. Viunganishe na chujio pia na utasikia mwenyewe: pigo jepesi linakuwa la mviringo, pigo zito linakwaruza. Ni lile alilolisikia Risset kwenye tarumbeta, liko kwenye uzi pia.

Halafu ongeza kishindo cha ngozi. Tafuta kati ya sauti za ngoma zilizomo ndani ya kinanda pigo moja fupi kavu, ulifanye dogo sana, ulikate lisizidi mlipuko wa kufumba na kufumbua, ulilaze chini ya kanuni. Lisisikike kama ngoma. Mtu asijue lipo mpaka uliondoe.

Mpaka hapo sauti imekamilika na bado haitoshi, kwa sababu sasa inabidi mikono ifuate tabia ya ala. Kanuni ina noti saba tu kwa kila oktava. Ili kupata nusu-toni mpigaji hunyanyua au kulaza vijitawi vidogo vya chuma vilivyo upande wa kushoto, au kwa mtindo wa zamani hubana uzi kwa ukucha wa kidole gumba. Kwa hiyo mpiga kinanda anayeteremka nusu-toni baada ya nusu-toni, kumi na mbili mfululizo kwa kasi, anapiga kitu ambacho mpiga kanuni hafanyi. Kinyume chake, mteremko wa noti saba za maqamu, yaani ngazi ya noti ya muziki wa Kiarabu, kutoka juu hadi chini kwa kidole kimoja kinachoteleza, ndio kanuni yenyewe.

Mtazame pia mpigaji wa kweli akipiga oktava. Mkono wa kulia unatangulia, wa kushoto unafuata oktava moja chini, nyuma kidogo, wakati mwingine ukiacha noti moja na kuijaza kwa mbili. Ufuasi huo wa mkono wa kushoto ni nusu ya uzuri wa kanuni. Kuna wanaotaka kuupata kwa kuweka oktava ya pili kwenye swichi, nayo hupiga papo hapo kila noti bila kukosea. Afadhali kuiacha. Vinanda vingi huruhusu tabaka la pili lichelewe kwa milisekunde kadhaa, na hilo ni bora, lakini hakuna kinachoshinda kutumia mkono wako wa kushoto na kuuacha uwe na maoni yake. Na lile tetemesho la kanuni kwenye noti ndefu, ambapo vidole viwili vya shahada hupokezana juu ya uzi mmoja, lipige hivyohivyo: vidole viwili vya mikono miwili kwenye ufunguo uleule kwa zamu. Mmoja utakuwa mzito kuliko mwingine, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kanuni ni rahisi. Nalisema hilo baada ya maelezo marefu kwa sababu ni kweli: ala zote za kudonoa na kugonga ni rahisi kwa kinanda. Uzi ukishaachiwa, mpigaji hana tena la kuufanya isipokuwa kuuzima, na ufunguo wa kinanda una tabia hiyohiyo. Kazi ipo kwenye fidla.

Upinde wa fidla haupigi uzi mara moja. Manyoya yake yaliyopakwa utomvu huushika uzi, huuvuta, uzi huponyoka, hushikwa tena, mamia ya mara kwa sekunde. Mwendo huo hutoa wimbi lenye umbo la meno ya msumeno, na ndiyo sababu sintesaiza za zamani zilianzia kwenye wimbi la msumeno kila zilipotaka kuiga nyuzi za upinde. Lakini mkono wa mpigaji hauachi kuitawala sauti hata nusu sekunde. Anaweza kuianza noti kimya, akaivimbisha, akaipunguza, akaitikisa, akaitelezesha hadi noti nyingine, akabadilisha upinde katikati. Ufunguo wa kinanda, ukishabonyezwa, umemaliza usemi wake.

Ndiyo maana fidla ya kinanda ikipigwa kwa vidole peke yake haiwezi kuaminika, hata kama rekodi yake imechukuliwa kwenye fidla ya bei ya nyumba. Lazima kuwe na kiungo cha pili cha mwili kinachotawala sauti wakati noti inalia. Kwa wengi ni mguu kwenye pedali ya msukumo, inayobadilisha nguvu ya sauti noti ikiendelea. Kwa wengine ni mkono wa kushoto kwenye gurudumu lililo kando ya funguo. Yamaha walitoa zamani kifaa kidogo cha kupuliza kilichounganishwa na DX7, mpigaji akikiuma mdomoni pumzi yake ikawa upinde wake, na mwaka 1994 wakatoa VL1, kinanda kilichokokotoa mwendo wa uzi na wa pumzi kwa hesabu za fizikia badala ya kucheza rekodi. VL1 kilikuwa ghali, kilipiga noti mbili tu kwa wakati mmoja, na wachache walikinunua. Lakini walichokilenga ndicho hasa kinachohitajika.

Mpigaji wa kawaida afanyeje? Aanze kwa kuifanya fidla ya pekee ipige noti moja tu kwa wakati. Fidla ina nyuzi nne, ndiyo, lakini melodia ya taarabu hupita kwenye uzi mmoja kwa wakati, na noti mbili zinazogongana kwa sababu kidole kilichelewa kuondoka huondoa imani yote. Awashe utelezi kati ya noti zilizounganishwa, uwe mfupi, usitokee anapoinua kidole. Muda wa kupanda usiwe sifuri kama wa kanuni. Upinde unahitaji kushika. Mtikisiko usianze pamoja na noti: mpiga fidla hutua kwanza, kisha hutikisa, mara tano hadi saba kwa sekunde, na si kila noti. Vinanda vingi huja na mtikisiko uliowekwa moja kwa moja, wa kasi ileile mwanzo hadi mwisho. Uzime. Ulete kwa gurudumu, kwa mkono wako, unapoutaka.

Jambo jingine ni mwili wa fidla. Sanduku lake la mbao lina sauti zake lenyewe, masafa fulani linayoyapenda na kuyakuza, na masafa hayo hayahami noti inapopanda au kushuka. Kinanda kikichukua rekodi ya noti moja na kuivuta juu ili kipate noti tano zilizo jirani, huuvuta na mwili pamoja nayo. Sanduku linakuwa kama limesinyaa, na fidla inaanza kulia kama ya mtoto. Dawa ni kujua sauti ya kinanda chako imegawanyika wapi. Piga noti mojamoja kwa nguvu ileile, sikiliza panapotokea mruko wa rangi, kisha panga wimbo wako usikae kwenye pembe hizo. Na usishuke chini ya uzi wa mwisho. Noti ya chini kabisa ya fidla ni Sol yenye masafa ya hezi 196. Chini ya hapo hakuna fidla duniani, ila kinanda kitaendelea kukupa kitu kinachoitwa fidla mpaka ufunguo wa mwisho wa kushoto.

Kwa kundi la fidla hali ni tofauti kidogo. Fidla nne za taarabu hazianzi pamoja kabisa na hazitelezi pamoja. Weka tabaka mbili zenye rangi tofauti, moja ichelewe, moja ishuke senti chache, na mtikisiko wa kila moja uwe na kasi yake. Vikundi vyenye uwezo hufanya jambo la busara zaidi: humleta mpiga fidla mmoja wa kweli, kinanda kikajaza nyuma yake. Sikio hulishika lile la kweli na kulisamehe lililobaki, ni hila ileile ya D-50.

Kodiani ina siri moja ambayo ukiipata umemaliza. Noti zake zote hupata pumzi kutoka mvukuto mmoja. Kwa hiyo haiwezekani kidole cha kwanza kikapiga kwa nguvu na cha pili polepole. Zikipanda zinapanda zote, zikishuka zinashuka zote. Zima basi usomaji wa mguso, kila ufunguo utoe sauti sawa, na ukubwa wote uachie pedali ya msukumo. Uiendeshe kama mvukuto: ivute, isukume, na pale mvukuto unapogeuza upande acha pengo dogo. Ndimi zake mbili zilizofungwa sauti kwa tofauti ndogo, mathalani hezi 440 na 443, hupigana mara tatu kwa sekunde, na hilo ndilo wimbi tunalolijua kwenye kodiani. Vinanda vingi hulitoa vizuri bila kuguswa.

Udi ni wa kudonoa, mengi ya kanuni yanaufaa, ila shingo yake haina vigawanyo, hivyo mpe kidole nafasi ya kuteleza kidogo kuingia kwenye noti, na pigo la risha linaloshuka liwe zito kuliko linalopanda. Nai ni pumzi. Bila kelele ya hewa inayotangulia noti na kubaki kidogo baada yake hakuna nai, na mpulizaji hupumua: sentensi yako ikizidi urefu wa pumzi ya mtu, ikate.

Yote haya hayatasaidia kama sauti zenyewe haziko mahali pake. Mwaka 1932 wataalamu walikutana Kairo kwenye Kongamano la Muziki wa Kiarabu, na moja ya mabishano yao makubwa lilikuwa piano: je, ala yenye nusu-toni zilizofungwa imara iruhusiwe katika muziki unaoishi kati ya nusu-toni hizo? Kinanda cha umeme kina jibu ambalo piano haikuwa nalo. Yamaha na Korg hutengeneza vinanda mahsusi kwa muziki wa Mashariki ya Kati, na hata vingi vya kawaida vina ukurasa wa kuhamisha kila moja ya noti kumi na mbili kwa senti. Ukipiga maqamu ya Rasti kutoka Do, shusha Mi na Si kwa senti hamsini. Hapo umefika karibu, lakini sikio la maqamu ni la kudai zaidi. Ile Mi ya maqamu ya Bayati inayoanzia Re hukaa chini kidogo kuliko Mi ya Rasti. Weka Rasti kwenye kumbukumbu moja na Bayati kwenye nyingine, na uzisikilize kando ya udi wa mtu unayemwamini badala ya kuziamini namba. Wimbo wa Rasti uliopigwa kwa Mi ya piano unabadilika tabia; huwa mchangamfu mahali ambapo mtunzi aliweka kitu chenye uzito zaidi, na waimbaji hujikuta wakivutwa waache sauti yao ya kweli ili walingane na mashine. Hilo linaniuma kuliko sauti mbovu, kwa sababu mwimbaji kijana asiyewahi kusikia robo-toni ya kweli hataijua, na mashine ndiyo itakuwa mwalimu wake.

Neno kuhusu mwangwi. Ukumbi una mwangwi wake, spika kubwa zina kelele zake, na mwangwi ambao kinanda huja nao kiwandani umewekwa ili sauti ipendeze dukani kwenye spika ndogo. Ukumbini hufuta ule mchipuko wa noti ambao tumehangaika kuujenga. Upunguze mpaka uone umezidisha, kisha urudishe kidogo, na umwombe fundi mitambo asikuongezee wake.

Shule za muziki kama Dhow Countries Music Academy ya Unguja bado zinafundisha kanuni, udi na fidla kwa mikono. Kijana wa kinanda asiyetaka kamwe kuwa mpiga kanuni angefaidika hata hivyo kwa kukaa hapo mbele ya kanuni, kuvaa zile pete mbili na kudonoa nyuzi mwenyewe. Vidole hukumbuka uzito. Akirudi kwenye funguo, mkono wake wa kushoto utaanza kuchelewa bila kuambiwa.

Na kabla ya kuipeleka sauti yako mbele za watu, irekodi. Piga sentensi moja ya bashrafu, ule utunzi wa ala tupu, unayoijua vizuri, kisha tafuta sentensi hiyohiyo kwenye rekodi ya okestra ya zamani. Ziweke moja baada ya nyingine kwa ukubwa sawa, na uziache zilale usiku mmoja, maana sikio lililochoka husamehe kila kitu. Asubuhi zisikilize kwenye simu, bila kuangalia ipi ni ipi. Utajua mara moja. Ila sasa utajua pia ni wapi: kwenye mwanzo, kwenye mwendo, au kwenye kufa kwa noti, na unajua ni swichi gani ya kuanza nayo.